Chelel Alikuwa Anaenda kwa Dume

Kedowa, 11 Mei 2026

Kiptanui,

Wewe uko hai? Ninauliza kwa sababu mtu akifa huwa tunaletewa habari, na mimi sijaletewa, kwa hivyo nimesema uko hai na ni kichwa ngumu tu. Tangu tumzike babu yako hujakanyaga hapa. Krismasi nilikuchinjia jogoo. Nikamngoja mwenye jogoo mpaka mchuzi ukaganda, nikamla peke yangu, na nyama ilikuwa ngumu kama roho yako. Pasaka sikuchinja. Sasa hata kuku wenyewe wanajua jina lako ni la bure.

Anayeandika hapa ni Wamuyu, Mama Njenga wa duka, yule aliyekuwa anakupa mandazi ukitoka shule na unasema utalipa. Mimi kalamu sijui, lakini mdomo ninao, na nimemwambia aandike kila kitu vile kimetoka. Amecheka. Andika kwamba umecheka, Wamuyu. Ameandika.

Simu nimekupigia. Inaita, inaita, halafu mama fulani ananiambia ati nijaribu baadaye. Nimejaribu baadaye mpaka nimechoka naye. Na simu zenyewe sizitaki tena. Sababu ni hii.

Chelel, ng'ombe wetu mweupe, alianza kulia. Hali, hataki kukamwa, anaangalia barabara. Kila mtu mwenye akili anajua ng'ombe akilia hivyo anataka nini. Anataka dume. Sasa sikia vizuri, kwa sababu mmekaa Nairobi mpaka mmesahau. Chelel ni wangu, lakini analala kwa Wamuyu. Mwaka ule wa moto, kura zilipoleta vita, Wamuyu aliporudi kutoka kambini na watoto, nyumba haina paa, nilimpelekea ng'ombe, nyanya yake huyu Chelel. Sisi Wakipsigis tunaita kimanagan. Maziwa ni yake, ndama tunaelewana, na mtu akitaka kutugombanisha atapata ng'ombe amesimama katikati. Mpaka leo yuko huko, yeye na mama yake na nyanya yake kabla yake. Wamuyu anasema nisikueleze, unajua. Mimi sijui kama unajua. Andika.

Basi nilienda asubuhi kumtoa tumpeleke kwa Kipruto, yule wa karibu na kanisa, ana dume zuri. Nikang'oa nyasi nikashika mkononi, vile inafaa ukimtoa ng'ombe wa kimanagan kwa boma la mwenzako, ili kila mtu njiani aone nyasi na ajue hakuna ugomvi. Mimi mbele na kamba. Wamuyu nyuma na ndama, kwa sababu Chelel haendi popote bila mtoto wake. Tulikuwa tunapiga kelele zetu, Wamuyu ananiambia dume la Kipruto lina maringo kama mwenyewe. Mtu fulani wa pikipiki alisimama, akainua simu, akaenda zake. Hatukumjali.

Jioni duka likajaa watu. Televisheni ya Wamuyu pale juu ya mkebe wa mafuta ya kupima inanionyesha mimi. Mgongo wangu! Na shali ile ya kijani uliyoniletea ukiwa umepata kazi. Na Chelel. Chini wameandika, na Wamuyu akanisomea: TAHARUKI KEDOWA: WENYEJI WAANZA KUTWAA MIFUGO YA MAJIRANI.

Mimi niliangua kicheko. Ng'ombe anaenda kwa dume, Kenya nzima inaambiwa ni vita! Wamuyu pia alicheka. Lakini kuna watu pale dukani hawakucheka, Kiptanui. Walinunua sukari yao na kutoka.

Unajua hapa hakuna anayeamini habari tena. Televisheni ikisema mvua itanyesha, watu wanaanika mahindi. Mheshimiwa akiahidi daraja, tunatafuta mahali pa kuvuka kwa miguu. Lakini hii wameiamini. Imesema kitu ambacho kila mtu alikuwa nacho tumboni na anaogopa kukitoa, sasa kwa sababu uchaguzi unakuja. Pale tunapopimia majani chai, mama mmoja aliniuliza polepole, "Kogo, nani amewaambia muanze?" Nikamwambia dume ndiye ametuambia. Hakucheka.

Njenga amempigia mama yake simu kutoka Nakuru mara nyingi leo, hata sasa inalia hapa mezani na haishiki.

Hiyo televisheni iliyonionyesha ni ya kazini kwako. Tafuta mtu aliyeandika yale maneno, umwambie yule mwenye mgongo ni kogo yako, nyanya yako, na ng'ombe alikuwa anaenda kwa dume. Halafu uandike kwa karatasi, uweke jina lako, nisome kanisani na kwa baraza ya chifu. Nisomewe, Wamuyu ananirekebisha. Karatasi yenye jina la mtu inaweza kushikwa. Maneno ya televisheni utashika wapi?

Dereva wa Londiani anayeleta viazi Nairobi ndiye atakuletea hii mkononi. Mpe chai.

Ni mimi kogo yako,
Rodah Taprandich
(kidole changu hiki)


Nairobi, 17 Mei 2026

Kwa Kogo mpendwa,

Chamgei. Barua yako imenifikia, na dereva nilimpa chai na chapati. Pole sana kwa kunikosa kwa simu. Kazi imekuwa nyingi, tuko wachache, na msimu huu wa siasa haulali.

Kuhusu ile video. Ilipokelewa kutoka kwa mtu aliye huko mashinani, ikahaririwa kwa haraka kama kawaida, ikarushwa. Aliyeonekana hakutambuliwa kwa sababu picha ilikuwa ya mgongo. Maelezo yaliyowekwa yalitegemea taarifa zilizokuwepo wakati ule. Sijui kama unaelewa vile mambo hufanyika huku. Habari ni nyingi mno kwa siku moja, na kila kituo kinakimbizana na kingine.

Nimeuliza. Wanasema kituo kinasimama na taarifa yake mpaka ithibitishwe vingine.

Ushauri wangu, Kogo, ni huu: usiongee na mtu yeyote kuhusu jambo hili. Mwandishi akija, kataa. Mwanasiasa akija, kataa. Habari haina maisha marefu. Wiki ijayo kutakuwa na kashfa nyingine na watu watasahau kabisa Kedowa iko wapi. Kuhusu karatasi ya kusomwa barazani, sidhani itakuwa busara kwa sasa. Mambo ya kisheria ni mengi.

Msalimie Mama Njenga. Mwambie atulie tu.

Nitakuja nikipata nafasi.

Mjukuu wako,
Kiptanui


Kedowa, 24 Mei 2026

Kiptanui,

Mwandiko umebadilika, umeona? Huyu ni Edinah wa kwaya. Anaandika vizuri lakini anataka kuniwekea "Bwana asifiwe" kila mahali. Nimemwambia Bwana anajua anasifiwa, leo tuandike yangu.

Wamuyu ameenda.

Njenga alikuja na gari la kukodi, hata chai hakunywa. Alisimama mlangoni kwa duka, ananiangalia kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua. Yule Njenga niliyemkanda mgongo akiwa na homa! Alipakia godoro, mizani, televisheni. Wamuyu alikuwa amekaa mbele kwa gari, mkoba kwa mapaja. Nikamwambia shuka, Wamuyu, wewe si mzigo wa Njenga. Akasema, "Kogo, wewe hukuwa ndani ya nyumba ikiwaka. Mimi nilikuwa." Nikaacha kumwita. Nikafunga mlango wa gari kwa mkono wangu. Andika hivyo, Edinah, mimi niliufunga.

Wakaenda. Chelel akabaki bomani na ndama wake. Wamuyu alimwacha kwa sababu ni wangu, au kwa sababu alikuwa anaogopa kuvuka barabara naye, sijui. Jioni Chelel akalia, kiwele kimejaa. Ningefanyaje? Nilienda kwa boma tupu, nikafungua lango la mtu asiyekuwepo, nikamtoa ng'ombe, nikamleta kwangu. Peke yangu. Hakuna mtu nyuma na ndama. Nilipofika katikati ya barabara nikasimama, kwa sababu niliona. Niliona ile picha yenu. Mara ya kwanza ilikuwa uongo. Hii ya pili, Kiptanui, ilikuwa kweli. Mmeandika uongo na mimi kwa miguu yangu nimeutembelea mpaka ukawa kweli.

Tangu hapo vijana wananiamkia kwa heshima mpya. "Kogo shujaa." Mmoja akaniuliza ile shamba ya mahindi ya Wamuyu nyuma ya duka nani ataivuna. Nilimrushia kwato la ng'ombe. Lilimpata. Kwa mlango wa duka kuna kufuli nyingine juu ya ile ya Wamuyu. Nani ameiweka? Kila mtu anasema hajui.

Halafu Mheshimiwa akaja. Ndiyo, huyo huyo wa daraja. Magari matatu, na watu wa kamera wakitembea kinyumenyume mbele yake kwa matope yangu. Ananiita mama. Mama gani, mimi nimzae huyo? Akasema, "Mama, waambie Wakenya vile huyu jirani alikaa na ng'ombe wako miaka yote hii, mpaka ukachoka ukachukua haki yako." Nikamwuliza, na juzi kule Nakuru si ulisema utalinda mali ya hao hao majirani? Edinah alisikia kwa redio yake. Mheshimiwa akacheka meno yote. Akasema siasa ina njia zake. Akataka apigwe picha anakunywa mursik, maziwa lala, kwa kibuyu changu cha sotet. Nikamwambia haijaiva, arudi wiki ijayo. Ilikuwa imeiva. Ilikuwa imeiva vizuri sana. Tulikunywa na Edinah walipoondoka.

Sasa wewe. Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilifikiri Edinah ameruka watu. Ilipokelewa. Ilihaririwa. Ilirushwa. Na nani? Upepo? Umeniandikia kama chifu anayeeleza mbona barabara haijatengenezwa. Barua nzima haina mtu hata mmoja ndani yake.

Na ati mgongo haukutambuliwa. Mgongo huu? Huu ndio ulikubeba kwenda kliniki Londiani mvua ikinyesha, kinyesi chako kikishuka mpaka kwa kiuno changu. Ulilala juu yake mpaka ukaanza kutembea. Shali umeninunulia wewe mwenyewe. Nyasi mkononi umefundishwa na babu yako. Basi kama hukuujua mgongo huu, umekaa mbali kuliko nilivyofikiri.

Nilikuuliza swali moja na hukunijibu. Nani aliandika yale maneno? Sitaki kituo. Kituo hakina mama. Nataka mtu.

Kogo,
Rodah Taprandich
(kidole)


Nakuru, 29 Mei 2026

Kwa Kogo Rodah,

Ninakuandikia mwenyewe, na najua Edinah ndiye atakusomea, kwa hivyo, Edinah, soma vile nimeandika, usipunguze.

Mimi nimefika salama. Niko kwa Njenga, chumba cha watoto. Mke wake ananiheshimu. Hapa maziwa ni ya pakiti, yana ladha ya karatasi.

Kogo, nimekaa na jambo na siwezi kulimeza. Njenga ananiuliza maswali. Mbona ulikuja kumtoa ng'ombe siku hiyo na si nyingine? Mbona wewe ulikuwa mbele na mimi nyuma? Mbona yule wa pikipiki alisimama pale pale kama aliyekuwa ameambiwa? Namwambia Chelel alikuwa na joto, anataka dume. Ananiambia, "Mama, mwaka ule pia kulikuwa na sababu ndogo ndogo kwanza."

Nimeiangalia hiyo video kwa simu yake mara nyingi mpaka macho yanauma. Najitafuta. Najua nilikuwa pale. Nilishika kamba ya ndama mpaka ikanichuna kiganja, na alama bado ninayo. Lakini kwa picha sipo. Ukiangalia kitu hicho mara nyingi unaanza kushuku kiganja chako. Nimefika mahali najiuliza, labda nilikuja nyuma baadaye? Labda ulikuwa umeshamtoa kabla hujaniita?

Unaona vile nimekuwa? Mimi niliyekuwepo.

Mheshimiwa pia nilimwona kwa televisheni akiwa nyumbani kwako. Walionyesha umesimama naye mlangoni. Hawakuonyesha ulichosema. Kogo, ulisema nini?

Sikutukani. Ninakuuliza. Kwa yote tuliyokula pamoja, usikasirike kwamba ninauliza.

Wamuyu


Nairobi, 2 Juni 2026

Kogo,

Ni mimi niliyeandika.

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kila mara maneno yanajipanga vile nilivyozoea kuyapanga, kwa hivyo nimeamua kuanza na hilo na kuliacha hapo juu peke yake.

Video ililetwa kwa simu yangu. Ilikuwa ndefu, kama dakika moja, na mlikuwa wawili. Mtu aliyeituma aliandika tu: "Kedowa, mambo yameanza." Picha ilikuwa pana na sisi tunaitaka ya kusimama, ya kutoshea simu ya mtu. Nilikata upande mmoja. Upande niliokata ulikuwa na mwanamke anayevuta ndama na kucheka. Nilimwona akicheka, Kogo. Nikajiambia ni mpita njia. Sauti niliizima kwa sababu upepo ulikuwa mwingi. Nyasi niliziona, nikafikiri ni chakula cha ng'ombe. Mimi, mtoto wa boma lako, niliona nyasi mkononi mwa mtu anayemtoa ng'ombe kwa jirani, nikafikiri ni chakula.

Mgongo sikuutambua. Hiyo siyo ya kujitetea. Ni kweli, na ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Nilipopata barua yako ya kwanza nilijua saa hiyo hiyo. Barua niliyokujibu niliiandika nikiwa ninajua.

Nimeenda kwa mkubwa wangu na video nzima. Nikamwonyesha Mama Njenga na ndama. Alisema tukirudi nyuma sasa, vyama vya siasa vya pande zote mbili vitatukanyaga, na watu ambao tayari hawatuamini watapata sherehe. Akasema labda mstari mmoja mdogo chini ya skrini, siku nyingine, bila kutaja Kedowa. Nikimwendea mkubwa wa juu yake, nimepoteza kazi. Hakusema hivyo kwa mdomo, lakini alinifungulia mlango nitoke kabla sijasimama.

Nakuomba kitu, na najua sina haki. Usisome hii barazani. Nimekuandikia wewe kama Kogo wangu. Ikisomwa pale, kesho itakuwa kwa simu ya kila mtu, na itakatwa pia, kila mtu atakata kipande anachotaka. Nimefanya kazi hii miaka mingi, najua vile wanakata.

Ichome.

Kiptanui


Kedowa, 9 Juni 2026

Kiptanui,

Sikuichoma. Sikuisoma barazani. Iko ndani ya sotet ya zamani iliyopasuka, pale juu ya dari, na Edinah ndiye peke yake aliyeisoma. Alilia, akanywa chai, akaniuliza kama aendelee na kwaya. Nimemwambia aendelee, lakini aimbe na mdomo ufungwe kuhusu hili.

Sasa nisikize. Nilikuwa nataka karatasi. Nimebadilisha. Nimeona karatasi ni kama televisheni tu, inaongea lakini huwezi kuiuliza kitu ikajibu. Wamuyu ameniandikia maswali. Nani atamjibu, karatasi? Maskini yule mama ameangalia picha yenu mpaka anauliza kama kiganja chake mwenyewe kinadanganya. Hiyo ndiyo kazi umefanya. Wezi wa ng'ombe ningeweza kuwafuata kwa nyayo. Wewe umeiba kitu kisicho na nyayo.

Nilikasirika naye pia, nikuambie ukweli. Ati nilimwambia yule wa pikipiki asimame pale! Nikatembea tembea uani nikimtukana kwa Kipsigis na Kikuyu kidogo alichonifundisha. Halafu nikaona, hapana. Anauliza. Wengine wote wameamini bila kuuliza. Yeye peke yake ndiye ameuliza.

Kwa hivyo nimefanya hivi. Nilirudi pale barabarani mchana, watu wakiwa wanatoka kupima majani, barabara imejaa. Nyasi mkono wa kulia. Chelel na kamba mkono wa kushoto. Ndama nilimwambia Edinah amshike, akaogopa nguo yake ya kanisa, nikamwambia nguo inafuliwa. Tukamrudisha Chelel kwa boma la Wamuyu. Ng'ombe wa kimanagan hawezi kulala kwangu na mwenzangu hajamrudisha kwa mkono wake. Na kwa sababu boma halina mtu, nimehamia mimi. Ndiyo. Nalala kwa Wamuyu, kwa kitanda cha kamba alichoacha Njenga. Kinanung'unika kama yeye. Asubuhi nafagia mbele ya duka lake. Kwa ile kufuli ya pili nilikaa na jiwe mapajani mpaka mwenyewe akajitokeza kuifungua, ati alikuwa "anamsaidia kulinda." Nilimwambia asante, sasa alinde kwake. Mahindi yako salama. Yule kijana wa "Kogo shujaa" alipita, akaniona nimeketi kwa mlango wa Wamuyu, akaniuliza, "Kogo, sasa wewe uko upande gani?" Nikamwambia upande wa maziwa.

Walinipiga picha, tena wengi. Wapige. Hii wakate vile wanavyotaka, bado nitakuwa nimelala hapa.

Chifu alikuja akasema nirudi kwangu, nitaleta taharuki. Yaani mkikaa kando taharuki, mkikaa pamoja taharuki! Nilimpa kiti.

Na dume la Kipruto lilifanya kazi yake. Chelel ametulia kabisa, hajamlilia dume tena. Hiyo kituo chenu hakijatangaza.

Nilimpelekea Wamuyu maneno kwa dereva wa viazi. Sikumtuma na barua, nilimwambia ayashike kichwani: nilimwambia Mheshimiwa mursik haijaiva, hicho ndicho nilisema. Na nikamwambia dereva amwambie kwamba aliyekata picha nimempata, na ni wa nyumba yangu. Sikukuficha, Kiptanui. Ningekufichaje kwa mtu ambaye umekula mandazi yake? Dereva amerudi na jibu. Wamuyu aliangalia kiganja chake. Halafu akasema atarudi Kedowa siku ambayo huyo aliyemkata atakuja kusimama mbele yake, amuulize, na yeye ajibu kwa mdomo. Si kwa simu. Kama hutakuja, atamwambia Njenga auze duka, na kuna mtu ameshatoa bei. Njenga naye amesema hata ukija hataamini. Amesema pia ataendesha gari amlete mama yake, ili asiamini akiwa hapa.

Najua kazi yako. Najua watakufungulia mlango utoke kabla hujasimama. Mimi sijawahi kuwa na kazi ya mshahara, sikudanganyi kwamba najua uchungu wake. Najua kukaa kwa boma la mtu ukingoja gari. Vijana wanasema wewe ni mwandishi, utaandika chochote. Mimi nimewaambia, ngojeni, huyu ana mgongo, nilimbeba najua.

Basi, ukija, fanya hivi. Uje Jumamosi ya soko, watu wakiwa wengi. Ushuke kwa stage ya Kedowa, si mbele, si nyuma. Kamera uache. Simu uzime. Usipitie kwangu kwanza, kwangu hakuna mtu. Pale kwa mtaro kabla ya duka la dawa za mifugo kuna nyasi nzuri. Ng'oa kwa mkono, usikate kwa kisu, mizizi ibaki na udongo kidogo. Shika mkono wa kulia, juu, watu waone. Upite katikati ya soko polepole. Mtu akikuuliza, simama umjibu. Wamuyu atakuwa amekaa kwa mlango wa duka lake, na mimi kando. Usiniamkie mimi. Mwamkie yeye. Atakuuliza yote, na wewe ujibu yote, watu wakisikia, na usiseme ilipokelewa. Halafu tutamtoa Chelel twende naye mpaka mtoni akanywe maji na kurudi. Kamba utashika wewe, mbele. Wamuyu atakuja nyuma na ndama. Kila hatua chache ugeuke, umwangalie kama bado yuko.

Rodah Taprandich
(kidole changu, na pembeni ni cha Edinah, alisisitiza)